Mwenye Kueleza Hashiki Sabuni

Wajukuu wangu wawili, Ansima na Asifiwe, wanapenda kujitupa juu ya kitanda changu wakitoka masomo, simu moja kati yao, na kubishana juu ya ma-série wanayoangalia. Wanawaza masikio ya muzee yanafunguka tu wakati wa kuitwa kula. Siku ile nilikuwa ninachagua maharagi mu lungo, karibu na dirisha, na wao walikuwa wanahukumu watu.

"Ile ya docteur niliiachia ku épisode ya tano," Ansima akasema. "Ule mwanaume analia kila saa, sawa robinet ya maji imeharibika."

"Wewe unaachaka kila kitu! Ungengoja kidogo, ungeona vile bibi yake alimufichaka mambo miaka yote. Miye ningemutupa inje na masanduku yake."

"Na kama alikuwa na woga?"

"Woga ya nini? Mwenye kuficha kitu kimoja anaficha na kingine. Inje!" Akapiga mukono juu ya godoro kama juge anayekata kesi, kisha akanigeukia. "Na wewe, Koko? Ulishaachaka série hata moja?"

Nikamujibu: "Moja tu. Lakini iliniacha yenyewe, na miye nikaendelea."

Wakacheka. Waliwaza ni akili ya uzee, na mimi nikafurahi kwamba hawakuuliza zaidi. Kisha siku mbili simu ya Ansima ikalia, mutu akaomba kusema na Koko Vero. Alikuwa Faida, kutoka Kavumu; namba alikuwa ameiomba kwa watu wa Bukavu. Akasema: "Mama ametuacha jana asubuhi." Mama yake ni Cibalonza. Sikulia. Niliomba tu maji ya kunywa, na nilipoyapata sikuyanywa, nikayashika mu mukono mpaka yakapata joto. Asifiwe akaniuliza Cibalonza alikuwa nani kwangu. Nikasema tulikaa mu chumba kimoja, mwaka mumoja, zamani. Hilo ni kweli. Yaliyobaki ninayaandika hapa, kwa sababu wale waliokuwa pale ku mutoni Kawa wamekwisha karibu wote, na majina yao mimi ningali ninayo.

Nilikuwa na miaka makumi mbili. Tulipangisha chumba kule Kadutu, hapa Bukavu, mu nyumba ya Muzee Bisimwa, mimi na Cibalonza, chumba chenye ukuta wa udongo uliopakwa chokaa na mabati yenye matundu matatu. Tuliyajua matundu yale vizuri, tuliweka sufuria chini ya kila moja, na mvua ilipoanza Cibalonza alisema, "Haya, muziki." Kitanda kimoja, sanduku lake, sanduku langu, na shuka moja nyeupe yenye maua ya bluu ambayo nilipewa na bibi wa kazi yangu kwa sababu niliiunguza pembe moja na pasi. Shuka ile ilikuwa utajiri wetu. Cibalonza aliuzisha sambaza, vile visamaki vya ziwa, ku soko, na zile zilizovunjika, zenye hakuna mutu anazinunua, tulizikaanga na kitunguu na kula na bugali na majani ya lengalenga. Ninapoandika hivi ninazisikia harufu. Leo watoto wangu wananinunulia samaki mukubwa, na ninamula, lakini sijapata tena kula kama vile, magoti yetu yakigusana kwa sababu sahani ilikuwa moja.

Mimi nilitumika kwa Papa Ingénieur na bibi yake, Madame Clotilde, kule Muhumba, mu nyumba iliyoangalia ziwa. Saloni yao ilikuwa na viti vya ngozi, saa ya ukuta, na tele ndani ya kabati lenye milango miwili, kama sanamu mu kanisa. Kila siku ya Yenga, saa kumi, kisha misa na chakula, milango ile ilifunguliwa kwa ajili ya film yenye kuendelea kila juma. Wakati ule hatukujua neno série. Ilikuwa film ya Hortensia, mwanamuke muzungu wa inchi ya mbali, tajiri, mwenye nywele nyingi na huzuni nyingi. Mimi sikukaa mu saloni. Nilikuwa mu njia ya kwenda jikoni, na meza ya kupiga pasi, pasi ya makala mu mukono, na mulango ulibaki wazi kwa sababu Madame Clotilde alitaka kuona kama ninatumika. Nami niliona Hortensia. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa tatu primaire tu, na film ilisema kifaransa cha haraka. Lakini uso wa mutu anayedanganywa hauhitaji kifaransa, na tena wale wawili walibishana kila wakati. Walipochoka kusema kifaransa, walimutukana Hortensia kwa kiswahili, na pale ndipo nilielewa vizuri.

"Huyu mwanamuke iko mujinga," Madame Clotilde alisema. "Barua inamwambia wazi, na yeye anaikunja. Ungeona miye!"

"Wewe?" Papa Ingénieur akacheka. "Wewe ungeililia barua mbele ya kuifungua."

Kesho ya Yenga, siku ya kwanza ya juma, ilikuwa ya kufua. Tulishuka ku mutoni Kawa, wanawake wa nyumba za karibu, kila mutu na beseni yake na jiwe lake, maana kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa M'Balagizi, aliyeuzisha makala ya kupikia na sauti yake ilisikika mpaka ngambo. Kulikuwa Mapendo, ambaye alikuwa ametoka kuolewa na alifua kila kitu mara mbili ili watu waone vikwembe vyake vipya. Cibalonza alikuja, na mara kwa mara Mama Nsimire, mwanamuke mwenye maneno machache. Huko hakuna aliyekuwa na tele. Siku moja nikaanza kuwaelezea Hortensia, hivi hivi, ili kazi iende haraka. Nilipofika pale anaposimama mbele ya mulango na barua, nikainama kusugua kola ya gauni langu. M'Balagizi akaninyang'anya lile gauni.

"Wewe! Ameingia ao hajaingia?"

"Ngoja nimalize kola."

"Kola gani? Leta hapa. Mwenye kueleza hashiki sabuni!"

Ikawa sheria. Toka siku ile nilifika ku mutoni, nikakaa juu ya jiwe langu na mikono mitupu, na nguo zangu zikagawanywa. Mumoja alichukua kikwembe, mwingine bulauzi, na mimi nikaeleza. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mbele ya mwisho. Na kisha mwisho, kila mutu alisema lake, wakaizungusha film kama wanavyokamua nguo. Mapendo alisema Hortensia amusamehe muchumba wake. M'Balagizi alisema amusamehe, lakini kwanza amupige. Siku nyingine walikasirikiana wao kwa wao juu ya watu ambao hawakuwa na habari kama kuna inchi inaitwa Zaïre. Mimi niliyekaa nyuma mu darasa, mimi ambaye mwalimu alisahau jina langu, nilifungua kinywa na wanawake wazima wakanyamaza. Wakati ule niliwaza ninapenda tu nguo zangu zifuliwe. Leo ninajua nilipenda ule ukimya.

Cibalonza alikuwa na muchumba, Cirhuza, seremala. Kijana wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Alikuwa ameanza kutengeneza kitanda chao, na kila alipokuja kutusalimia alileta harufu ya mbao mu chumba. Wazee wa jamaa yake walikuwa wamekubali kutoa ng'ombe za mahari, ilibaki tu siku ya kuzipeleka. Mama Nsimire, yule wa maneno machache, ni yeye alikuwa shangazi ya Cirhuza na ndiye aliyemulea. Siku moja ya Posho, ile inayotangulia Yenga, muchana, mvua kubwa ilitufungia ndani, sufuria zote tatu zikilia, na Cibalonza akatoa kamba ndani ya bulauzi yake. Kamba nyembamba ya katani, na fundo ku mwisho.

"Unaona hii?" akaniambia. "Ni muguu ya Faida."

Faida nilimujua kwa jina. Ni mudogo wake aliyekuwa kwao Luvungi, mutoto wa miaka ine. Kila mwezi Cibalonza alimutumia kitu.

"Unamupendaka sana ule mudogo wako," nikasema.

"Vero, haiko mudogo wangu." Akaifunga kamba ku kidole, akaifungua. "Nilimuzala. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama aliniambia, huyu ni wangu, wewe utaolewa. Ananiita yaya, dada mukubwa. Kila nikienda ninapima muguu yake na kamba, ninakuja kutafuta viatu ku soko." Akarudisha kamba ndani ya bulauzi. "Nimuambie Cirhuza, ao ninyamaze? Wewe unaonaka watu mu ile film yako. Niambie."

Nilikuwa mutu wa kwanza kuambiwa. Nikamwambia: "Ngoja kwanza. Niwaze." Hilo ndilo jibu nililompa. Na kwa kweli niliwaza, lakini si kwa ajili yake.

Kwa sababu mu mwezi ule Madame Clotilde alichoka. Siku moja ya Yenga alifunga milango ya kabati katikati ya film, Hortensia akiwa bado analia. "Miye nimeiachia," akamwambia bwana yake. "Inazunguka tu, sawa mbuzi ya kufungwa." Papa Ingénieur akasema yeye aliiachia zamani, alikuwa akimungoja yeye. Wakaanza kwenda kucheza karata kwa marafiki kila siku ya Yenga, saloni ikafungwa na ufunguo, ufunguo ukaingia mu sakoshi ya Madame. Mimi nikapiga pasi mbele ya mulango uliofungwa. Kwao ilikuwa kitu kidogo, sawa wajukuu wangu wanavyoachia. Hawakujua kama kule chini ya Kadutu kuna wanawake wanaohesabu siku.

Kesho ya Yenga ile ya kwanza nilishuka ku Kawa na nia ya kusema ukweli: film imekwisha, Madame ameichoka. M'Balagizi alikuwa amekwisha kutandika majani juu ya jiwe langu, ili nikae vizuri. Nikakaa. Nikasema Hortensia amefunga safari. Juma lililofuata nikamugonjesha. Juma la tatu nilimuponyesha, na Mapendo akapiga mwayo, akasema: "Hii film imepoa." Neno lile liliniingia kama musumari. Na juma la ine nikashuka na Cibalonza nyuma yangu, beseni juu ya kichwa, na sikuwa na kitu mu kinywa. Nguo zangu zikagawanywa. Cibalonza akachukua shuka.

Ninaandika hapa kama vile nilivyosema, kwa sababu nimeyarudilia miaka mingi. Nikasema: "Sikilizeni. Leo tumejua kwa nini Hortensia analia. Ana mutoto. Alimuzala kabla ya kuchumbiwa, na mama yake alimuchukua akasema ni wake. Mutoto anamuita Hortensia dada." Wanawake wakaacha kusugua. M'Balagizi akasema, "Yeee!" Ukimya ule ukarudi, ukimya wote, mutoni peke yake ndio uliosema. Na mimi, badala ya kusimama pale, nikaona kama wanataka zaidi, nikatoa na kamba. Nikasema ana kamba ndani ya nguo ya kifua, ina fundo, ni urefu wa muguu wa mutoto, anaipima ku maduka ya wazungu ili kununua viatu. Mapendo akaanza kulia kweli, machozi yakaanguka mu povu.

Niliwaza nimeficha vizuri. Hortensia ni muzungu, ana motokari, ana ngazi ndani ya nyumba. Nani ataona Cibalonza ndani ya mutu kama ule? Hivi ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilipogeuza macho, niliona mikono yake. Alikuwa anafua shuka yangu polepole, pembe kwa pembe, na hakuinua uso.

"Mwenye kuficha mutoto ataficha na sumu," M'Balagizi akasema. "Miye singemuingiza mu nyumba."

"Alikuwa mutoto naye," Mapendo akasema.

"Mutoto hazalake! Wewe unalia bure. Angekuwa kaka yako ndiye anamuoa, ungelia?"

Mapendo akainamia nguo yake. Pale Cibalonza akauliza, macho yake mu maji: "Na ule muchumba, Vero? Akiambiwa, atafanya nini?"

Nilijua anachouliza. Ninataka iandikwe wazi: nilijua. Alikuwa amengoja jibu langu toka siku ile ya mvua, na alikuja kulichukua pale, mbele ya watu, kwa njia ambayo mimi peke yangu ningeweza kusikia. Ningesema, anamukumbatia. Ningesema, anakwenda naye kumuchukua mutoto. Film ilikuwa yangu, hakuna aliyekuwa anaipeleka isipokuwa mimi. Lakini nilikuwa nimesikia M'Balagizi, na nilijua wanataka nini.

"Anamufukuza," nikasema. "Anavitupa vile viatu mu maji."

Wakapiga makofi. M'Balagizi akacheka kwa furaha, akasema hiyo sasa ni film. Na Mama Nsimire, ambaye sikumukumbuka hata kama yuko, akasimama, akakusanya nguo zake zikiwa bado na sabuni, akapanda njia bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kuondoka mbele ya mwisho. Cibalonza akamuita Mapendo amusaidie kukamua shuka, mumoja huku, mwingine kule. Jioni tuliitandika pamoja, mimi na yeye. Ilikuwa na harufu ya jua. Hakuniambia neno, nami nikajidanganya kama hajakasirika.

Nilikuwa sijui kama Mama Nsimire alikuwa amekutana na Cibalonza ku soko, miezi miwili mbele ya siku ile, akipima kiatu kidogo na kamba, na Cibalonza alimwambia ni cha mudogo wake. Kamba ile. Siku tatu kisha, Cirhuza akafika. Cibalonza alikuwa ku soko. Alisimama ku mulango, hakuingia, unga wa mbao juu ya mikono yake.

"Vero, nitakuuliza neno moja," akasema. "Shangazi anasema ile film ni habari ya Cibalonza. Miye nilimwambia hapana, ni film. Uliona ku tele, ao hukuona?"

Ningesema: niliona. Ao ningesema: nimeivumbua mu kichwa changu, hata kamba ni yangu, nilikuwa ninatafuta wanawake wanisikilize. Kila moja ya majibu hayo mawili lingemuponyesha Cibalonza. Lakini nilikuwa nimesikia kama Mama Nsimire alikuwa amekwisha kumuuliza mupishi wa Madame, na anajua saloni inafungwa. Nikisema niliona, mimi ni mwongo. Nikisema niliivumbua, wanawake wa Kawa watanicheka mpaka nizeeke. Nilisimama pale, mimi mwenye maneno mengi, nikajitafuta mimi mwenyewe, si yeye.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Akapangusa unga wa mbao ku suruali. Kisha akasema "Asante, dada," kwa sauti ile yake ndogo, akaenda. Siku ya Posho wazee wawili wakaja kwa Muzee Bisimwa, wakasema ng'ombe hazitakuja. Hawakutukana mutu. Nilisikia baadaye kama kitanda kiliuzishwa kwa mutu wa Bagira.

Cibalonza alifunga sanduku lake asubuhi. Nilitaka kumupa shuka, akaikunja vizuri, akairudisha juu ya kitanda. Ku mulango akageuka. Nilingoja laana, ningeishukuru.

"Vero," akasema, "ungebadilisha tu kamba."

Akaenda Luvungi, kwa mutoto wake. Juma lililofuata nikashuka ku Kawa, nikawaambia wanawake Hortensia alikufa. Walilia, M'Balagizi pia. Nikachukua sabuni yangu, nikafua nguo zangu mwenyewe, na toka siku ile sikuelezea tena watu film, wala hadisi, wala ndoto. Watoto wangu wanasema mama yao ni mutu wa kunyamaza. Walinikuta hivyo, wanawaza nilizaliwa hivyo.

Kisha miaka mingi, nikasikia kama aliolewa na mwanaume mufiwa kule Kavumu, mulimaji, na kama alikuja na Faida mu mukono, akimuita mutoto wangu mbele ya wote. Mara mbili nilimuona ku soko la Kavumu, mara ya pili akiwa na nywele nyeupe, anacheka na mutu. Mara zote mbili nilijificha nyuma ya magunia ya mihogo kama mwizi. Ni kilomita chache. Nilikuwa na miguu. Sikuwa na kisingizio.

Basi nikaenda ku kilio. Asifiwe alinisindikiza. Tulikuta turubai imefungwa mbele ya nyumba, wanaume juu ya viti, wanawake ndani na juu ya mikeka, picha ya Cibalonza juu ya meza na mushumaa. Uso wa muzee, lakini macho yale ya mutu anayengoja jibu. Nilipiga magoti kidogo, kisha nikapita nyuma, pale sahani zinapooshwa, nikakaa chini karibu na beseni. Mabinti walikataa. "Koko, hapana, wewe muzee, enda ukae." Nikachukua sabuni kwa nguvu. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hiyo.

Faida akanikuta pale. Mwanamuke munene, mwenye miaka yake, kikwembe cha kilio kimefungwa ku kichwa. Akavuta kiti kidogo, akaanza kusuuza zile nilizopaka sabuni. Akaniuliza: "Ni wewe Koko Vero? Wa film?"

Sahani ikanitoka, ikarudi mu maji.

"Mama alituelezaka ile film kila siku ya kufua," akasema. "Hortensia. Hata batoto bangu banaijua. Baliitafuta ku téléphone, habaione. Banasema, mama, hakuna série ya hivyo mu dunia nzima."

"Aliwaelezea vipi?" nikauliza. "Ule muchumba alijua namna gani?"

"Shangazi yake anaona kamba ku soko, anajua mwenyewe."

"Hakuna rafiki?"

"Rafiki gani?"

Nikasugua sahani iliyokuwa imetakata. Miaka hii yote alieleza, na mu kila kueleza alinitoa. Mpaka leo, ninapoandika, sijui kama ilikuwa huruma ao azabu.

Faida akapunguza sauti. "Koko, miye siko mujinga. Nilipokuwa mukubwa nilimuuliza: mama, Hortensia si ni wewe? Na ule mutoto si ni miye? Anacheka. Anasema, muulize Vero, yeye ndiye aliyeona ku tele. Nilitaka kukuja Bukavu kukuuliza, sikupata njia. Sasa uko hapa." Akaacha kusuuza. "Uliona ku tele, ao hukuona?"

Lilikuwa neno kwa neno ulizo la Cirhuza. Nikamuangalia mutoto ambaye muguu wake niliujua kwa urefu wa kamba mbele ya kumujua yeye.

"Sikuona," nikasema. "Na rafiki alikuwako. Nitakuelezea."

Akanyoosha mukono kuchukua sabuni. "Basi weka hiyo, Koko. Mama alisema mwenye kueleza hashiki sabuni."

"Leo nitaishika, mutoto wangu."

Nikamuelezea yote, sahani kwa sahani, kutoka sufuria tatu za mvua mpaka mulango wa Muzee Bisimwa. Sikumuita mutu Hortensia. Nilisema Cibalonza, nikasema Vero, na kila niliposema Vero nilihakikisha kama amesikia. Pale penye viatu vilivyotupwa mu maji, aliondoa mikono yake mu beseni, akaipangusa ku kikwembe, na hakusuuza tena. Asifiwe alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui toka wakati gani. Ile sahani ya mwisho niliipaka sabuni mara mbili kwa sababu sikutaka iishe.

Faida akafungua kikwembe cha kichwa, akakifunga tena. Nilingoja hukumu, inje na masanduku.

"Siku ile," akauliza, "mama alifua nguo yako gani?"

"Shuka. Nyeupe, ya maua ya bluu."

"Ilitakata?"

"Ilitakata sana," nikasema. "Ilitakata kupita siku zote."